Chai ya Saa Nne: Kisa cha Biskuti katika Kituo Kimoja cha Kulelea Watoto

Kisa hiki kilianza kwa lalamiko la mzazi mmoja. Binti yake wa miaka 3 alikuwa amelelewa katika kituo cha mchana kwa muda wa miezi minane, na katika kipindi hicho mama huyo aliona mambo mawili yaliyomkosesha amani: kila jioni mtoto alisukuma sahani baada ya matonge mawili au matatu, na meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yameanza kupata mabaka ya kahawia karibu na ufizi. Alipouliza kituoni mtoto anakula nini, alijibiwa kwamba anakula vizuri sana, hasa biskuti. Jibu hilo, lililotolewa kwa nia njema kabisa, ndilo lililompeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, naye afisa huyo akaniomba mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya lishe, niende nikaangalie na kutoa ushauri.

Nimebadili mambo madogo yasiyogusa hoja ili kituo na familia zisitambulike. Inatosha kusema kwamba kituo kiko Temeke, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na uwanja mdogo wenye mwembe mmoja. Kilikuwa na watoto 34, wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka 5, pamoja na walezi watatu ambao watoto huwaita anti, na mwenye kituo mwenyewe, mama wa makamo ambaye ndiye pia mpishi. Wazazi wengi ni wafanyabiashara wadogo, mafundi cherehani na wafanyakazi wa viwandani. Watoto huanza kufika saa 12 asubuhi na wa mwisho huchukuliwa saa 12 jioni, na wakati mwingine foleni ya daladala huwachelewesha wazazi hadi giza linapoingia.

Ratiba ya chakula ilikuwa fupi. Saa 4 asubuhi kila mtoto alipata kikombe cha chai ya rangi na pakiti ndogo ya biskuti. Saa 7 mchana walikula wali na maharage, au ugali na dagaa, kisha wakalala. Saa 10 jioni walipewa pakiti nyingine ya biskuti pamoja na maji. Zaidi ya hapo, karibu theluthi moja ya watoto walikuja na kibegi chenye pakiti nyingine kutoka nyumbani, ambayo mtoto aliila wakati wowote alipoikumbuka.

Nilipofika siku ya kwanza, nilimkuta mwenye kituo ameketi juu ya kigoda akichambua maharage. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akanikaribisha, kisha akasema kabla sijafungua daftari: "Mwanangu, najua umeitiwa biskuti. Mimi sibishi. Lakini niambie, maji yakikatika Jumatatu mpaka Jumatano, nitawapa nini watoto wa watu?" Nayachukulia maneno hayo kuwa ndiyo kiini cha kisa chote, na ushauri wowote usioyajibu ungekuwa wa bure.

Kwa nini biskuti zilikuwa pale

Ni rahisi kumlaumu mlezi anayegawa biskuti, lakini kwanza inafaa kutaja kwa haki kile ambacho biskuti ilimfanyia. Biskuti haihitaji kupikwa, haihitaji jokofu, haiharibiki kwa joto la Dar es Salaam, na inamfikia mtoto ikiwa imefungwa tangu kiwandani. Katika mji ambao ulishuhudia mlipuko wa kipindupindu kuanzia Agosti 2015, mlezi anayekwepa kukata matunda kwa maji ya jaba ambayo hana hakika nayo si mvivu, bali ni mtu mwenye hofu ya haki. Isitoshe, kila mtoto hupata pakiti sawa na mwenzake, hivyo hakuna anayelia kwamba amepunjwa, na mzazi anayepita getini akaona pakiti mkononi mwa mwanawe huridhika kwamba ada yake inafanya kazi.

Tena, biskuti kama umbo la chakula haina ubaya wa asili. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hugawa biskuti zenye nishati nyingi kwa wakimbizi na waathirika wa maafa katika siku za mwanzo, wakati hakuna sufuria wala kuni, na biskuti hizo hutengenezwa kwa kiwango maalumu cha protini, kwa sukari iliyowekewa ukomo, na kwa kuongezwa vitamini na madini. Tofauti kati ya biskuti hizo na zile za dukani haionekani kwa macho. Humo ndimo watu wengi wanamopotea, kwa sababu mtoto anayekula biskuti ya dukani huonekana ameshiba sawasawa na yule aliyekula ile nyingine.

Nilichokuta kwenye daftari na kwenye sufuria

Nilikaa kituoni asubuhi tatu, nikipima badala ya kukisia. Pakiti ilikuwa na uzito wa gramu 30, na lebo yake ilionyesha gramu 22 za sukari katika kila gramu 100, yaani takriban gramu 6.6 kwa pakiti. Nishati yake ilikuwa kilokalori 135 hivi, na protini ilikuwa kama gramu 2 tu. Kisha nikamwomba mwenye kituo anionyeshe anavyopika chai. Sufuria moja la watoto wote 34 lilitiwa sukari robo kilo, yaani gramu 250, ambazo zikigawanywa huwa zaidi kidogo ya gramu 7 kwa kila kikombe.

Hesabu hiyo ilinishangaza mimi mwenyewe, kwa maana nilikuja nikiwa na biskuti akilini, na sasa naona kikombe kimebeba sukari kuliko pakiti. Wote waliolalamika, akiwamo mama wa mtoto, walikuwa wameitazama biskuti kwa sababu inaonekana. Hakuna aliyeitazama chai, kwa sababu chai ni chai, imekuwapo tangu tulipozaliwa. Na chai hiyo ilikuwa na kasoro ya pili. Tanini zilizomo kwenye majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini chuma yatokanayo na vyakula vya mimea, na katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kwa hiyo mtoto alipata gramu 14 za sukari ya kuongezwa kabla ya saa 5 asubuhi, na baada ya pakiti ya saa 10 alikuwa amefikisha zaidi ya gramu 20, bila kuhesabu ile ya kibegi wala chai ya usiku nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, na unashauri ishuke chini ya asilimia 5 ikiwezekana. Mtoto wa miaka 3 huhitaji takriban kilokalori 1,100 kwa siku, hivyo asilimia 10 kwake ni gramu 27 hivi na asilimia 5 ni gramu 14 hivi. Mtoto mwenye kibegi alikuwa akifika nyumbani akiwa ameshagusa ukomo wa juu.

Hata hivyo, sikuiona sukari kuwa ndiyo hoja kubwa kuliko zote. Hoja kubwa niliipata nilipowauliza wazazi, mmoja mmoja getini, mtoto amekula nini kabla ya kutoka nyumbani. Wengi walinijibu kwa unyenyekevu, wengine kwa aibu isiyostahili, kwamba mtoto hutoka amebebwa mgongoni akiwa bado amelala. Maana yake ni kwamba kile ambacho ratiba ilikiita vitafunwa vya saa 4 hakikuwa vitafunwa hata kidogo, bali kilikuwa kifungua kinywa, mlo wa kwanza tangu usiku uliopita, na kwa baadhi ya watoto kilikuja baada ya saa 14 bila kitu tumboni. Swali lililonileta, yaani kama inafaa kuwapa watoto biskuti kama asusa, lilikuwa limeulizwa vibaya. Asusa ni kitu cha kuziba pengo kati ya milo miwili, na hapa mlo wenyewe ulikuwa haupo, nafasi yake ikawa imekaliwa na pakiti.

Tumbo la mtoto mdogo ni dogo mno. Kwa makadirio yanayotumika katika lishe, hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo 12 hawezi kula zaidi ya kikombe kimoja na nusu hivi kwa mkupuo. Kila nafasi ya kula ni ya thamani, na ikishajazwa haifunguki tena hadi baada ya saa kadhaa. Pakiti mbili kwa siku zilikuwa na kilokalori 270, karibu robo ya nishati yote ambayo mtoto wa miaka 3 anaihitaji, nazo zilikuja na gramu 4 tu za protini na virutubishi vichache mno. Unga wa ngano nchini mwetu huongezwa madini chuma, zinki na vitamini B kwa mujibu wa kanuni zilizowekwa kuanzia mwaka 2011, na hilo linasaidia kidogo, ila halitoshi kuifanya biskuti kuwa mlo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto hadumai kwa siku moja. Hudumaa kwa asubuhi nyingi kama hizi, ambamo anaonekana ameshiba.

Niliomba kuona kadi za kliniki za watoto ambao wazazi wao waliridhia. Sitaziandika hapa kwa undani. Nitasema tu kwamba miongoni mwa wadogo kulikuwa na mistari ya ukuaji iliyolala, na kwamba mama mmoja alipoielewa kadi ya mwanawe kwa mara ya kwanza alikaa kimya muda mrefu, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumpa pole na kumweleza hatua inayofuata.

Meno ya binti

Kuhusu meno, mama alikuwa na haki ya kuhofu. Bakteria wanaoishi mdomoni hula sukari na wanga uliopikwa, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo inapoifanya hali ya mdomo ishuke chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, na namba ikishuka asidi huwa kali zaidi), madini ya tabaka gumu la nje la jino huanza kuyeyuka. Mate huirudisha hali polepole, na kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi kila mara mtoto anapokula kitu kitamu. Ndiyo maana idadi ya nyakati za kula huumiza meno kuliko wingi wa sukari pekee. Biskuti ina tabia yake mbaya ya ziada, kwa kuwa ikilowana hugeuka kuwa ute mzito unaoganda kwenye mikunjo ya magego na kukaa humo muda mrefu kuliko vitu vingi tunavyovihofia. Mtoto mwenye pakiti ya kibegi, anayemega kipande kimoja sasa na kingine baada ya robo saa, haupi mdomo wake nafasi ya kupumzika. Nilimshauri mama ampeleke binti kwa daktari wa meno mara moja, kwa sababu mabaka ya kahawia karibu na ufizi hayangojei ratiba ibadilike, naye alimpeleka wiki iyo hiyo.

Katika mazungumzo hayo wazazi kadhaa walisema kwamba hawaogopi meno bali minyoo, kwa kuwa wamelelewa wakiambiwa kwamba vitu vitamu huleta minyoo. Niliwaeleza kwa heshima kwamba minyoo haitoki kwenye sukari. Hutoka kwenye mayai yake yaliyomo kwenye udongo na kwenye mikono isiyonawishwa, na dawa yake hutolewa bila malipo pamoja na matone ya vitamini A katika mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba. Nilifurahi kwamba jambo hili lilijitokeza, kwa sababu lilituleta kwenye mikono, na mikono ndiyo iliyokuja kuamua mengi baadaye.

Ushauri, na pale uliposhindwa

Ushauri unaopatikana kwa urahisi kuhusu asusa za watoto umeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo tatizo lake kuu ni unene wa kupindukia. Humo mlezi huambiwa aondoe biskuti na aweke vipande vya tango, karoti mbichi au tikiti. Kama ningeuchukua ushauri huo ulivyo na kuupeleka Temeke, ningewadhuru watoto wale. Gramu 100 za tikiti zina kilokalori 30 hivi, na mtoto aliyetoka nyumbani na njaa akipewa tikiti saa 4 atakuwa amepata maji matamu tu. Karoti mbichi na karanga nzima, kwa upande mwingine, ni hatari ya kumpalia mtoto mdogo, na karanga nzima hazipaswi kupewa mtoto kabla hajatimiza miaka 5. Anayeiondoa biskuti analazimika kuleta mahali pake chakula chenye nishati isiyopungua ile ya biskuti, pamoja na kile ambacho biskuti haina.

Tulianza na uji. Tulikubaliana uwe wa nafaka moja, unga wa mahindi au wa ulezi, uliopikwa mzito na kutiwa maziwa mwishoni, na nikaomba tuachane na ile desturi ya kuchanganya nafaka saba au nane katika mfuko mmoja kwa jina la lishe. Mchanganyiko huo hauongezi thamani kama watu wanavyodhani, unaongeza fitati, yaani viambato vya asili vya nafaka vinavyofunga madini yasifyonzwe, na unamfanya mpishi ashindwe kujua ni kipi kilichoharibika. Ili uji mzito usiwe mgumu kumezwa na wadogo, nilimwonyesha mwenye kituo matumizi ya kimea cha ulezi: kijiko kimoja kikikorogwa ndani ya uji uliopoa kidogo huulegeza bila kuongeza maji, kwa kuwa vimeng'enya vya nafaka iliyooteshwa huvunja wanga, kisha uji unachemshwa tena kwa dakika chache. Alinitazama akacheka, akaniambia kwamba bibi yake alifanya hivyo hivyo Iringa, na kwamba yeye aliuacha ujuzi huo alipofika mjini akidhani ni wa kishamba.

Nilifanya kosa moja katika hatua hiyo. Nilipendekeza unga wa karanga utiwe kwenye uji ili kuongeza mafuta na protini, nao ukanunuliwa kwa kupimiwa sokoni. Nilipouona, ulikuwa na harufu ya uvundo. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu hushambuliwa na ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Nilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kufungua mdomo wangu. Unga ule ulitupwa, na tangu siku hiyo karanga zilitumika tu pale ambapo mwenye kituo alizinunua zikiwa nzima, akazichagua kwa mkono na kuzitupa zilizosinyaa na zenye rangi, kisha akazikaanga na kuzitwanga mwenyewe.

Siku mbili za wiki uji ulibadilishwa na viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na nusu yai kwa kila mtoto. Tulichagua viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, kwa sababu kipande kidogo kinaweza kumpa mtoto mahitaji yake ya siku ya vitamini A, na kwa sababu vikishachemshwa na maganda yake vinashikika mkononi mwa mtoto kama biskuti. Wengi hawakuvipenda mwanzoni. Mtoto huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nyingi, wakati mwingine mara kumi au zaidi, kabla hajakikubali, na niliwaomba walezi wasimlazimishe mtu wala wasimwahidi biskuti akimaliza, kwa maana ahadi hiyo humfundisha mtoto kwamba kiazi ni adhabu na biskuti ni tuzo. Anti mmoja aligundua mwenyewe njia iliyo bora kuliko zangu zote: aliketi mkekani pamoja nao, akala kiazi chake taratibu, akinyamaza.

Saa 10 tuliweka matunda, na hapa hofu ya mwenye kituo ilithibitika. Katika wiki ya pili papai lililokatwa mapema lilikaa mezani likivutia inzi, na watoto wanne waliharisha. Hakuna aliyelazwa, namshukuru Mungu, lakini asubuhi ile nilikuta nyuso za walezi zimenikasirikia, na walikuwa na sababu. Tulibadili utaratibu siku hiyo hiyo. Matunda yakawa yale ambayo ganda lake ndilo kinga yake, yaani ndizi mbivu na machungwa, yanayomenywa mbele ya mtoto na kuliwa papo hapo. Baba mmoja mwenye ufundi alitengeneza vibuyu chirizi viwili chini ya mwembe, kwa madumu ya lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia, ili watoto wanawe kwa sabuni bila kuingiza mikono kwenye ndoo. Kwa kuwa ndizi moja ndogo haifiki kilokalori 135, wale wanaokaa hadi saa 12 waliongezewa kipande cha kiazi au mkate uliobaki na siagi ya karanga iliyotengenezwa pale pale.

Kwa watoto watano waliokuwa hawajatimiza miaka 2, hatukuacha nafasi ya mjadala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema wazi kwamba vyakula vyenye sukari nyingi, chumvi nyingi au mafuta yaliyogandishwa kiwandani havifai kwao, wala vinywaji vilivyotiwa sukari. Watoto hao hawakupewa tena biskuti wala chai.

Fedha na vibegi

Gharama zilipanda, na ningekuwa nadanganya kama ningesema vinginevyo. Biskuti za siku nzima ziligharimu shilingi 13,600, kwa shilingi 200 kwa pakiti. Maziwa, mayai na mkaa wa ziada vilifanya siku ya wastani izidi ratiba ya zamani kwa takriban shilingi 3,000, yaani karibu shilingi 90 kwa mtoto, ambayo kwa mwezi wa siku 22 hufika shilingi 2,000 hivi. Mwenye kituo aliitisha kikao cha wazazi, akaniomba nizungumze, nami nikamwomba azungumze yeye, kwa sababu wao wanamwachia watoto wao, si mimi.

Baadhi ya wazazi walipinga nyongeza hiyo, na sikuona ubaya wowote katika kupinga kwao, kwani shilingi 2,000 ni kitu kwa mtu anayeuza maandazi. Kilichobadili kikao ni mama mmoja aliyesimama na kusema kwamba yeye hununua pakiti ya kibegi kila siku kwa shilingi 200, na kwamba hajawahi kuijumlisha. Ikijumlishwa, ni shilingi 4,400 kwa mwezi. Alisema anainunua kwa sababu anaona uchungu kumwacha mwanawe kutwa nzima na anataka mtoto ajue kwamba mama amemkumbuka. Ukumbi ulinyamaza. Pakiti ile haikuwa chakula, ilikuwa salamu, na sijui afisa lishe gani angethubutu kuipinga salamu ya mama. Walikubaliana kwamba nyongeza ilipwe, na kwamba chochote kitakachokuja ndani ya kibegi kitakaa kwenye rafu hadi saa ya kuondoka, ili wale wasio na kitu wasikae wakiwatazama wenzao wakila.

Biskuti hazikufukuzwa kabisa, na huo ulikuwa uamuzi wangu ambao bado nausimamia. Mwenye kituo aliweka katoni moja ndani ya debe lenye mfuniko, kwa ajili ya siku ambazo maji yamekatika na jaba limekauka, au mvua imefunga barabara na mpishi hakufika, au wazazi wamekwama na saa moja ya usiku inaingia. Siku kama hizo mtoto wa zaidi ya miaka 2 atakula biskuti akiwa ameketi, kwa mkupuo mmoja, kisha atakunywa maji, na hakuna atakayemwonea haya. Nilipopitia daftari lake baada ya wiki kumi, debe lilikuwa limefunguliwa mara sita.

Chai ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu zaidi. Niliiacha hadi mwisho nikidhani itaondoka yenyewe uji ukishaingia, kumbe walezi waliendelea kuipika pembeni kwa ajili ya watoto wakubwa waliokuwa wakiililia, sukari ile ile robo kilo. Ningekianza kisa hiki upya leo, ningeanza na sufuria la chai kabla ya kuigusa pakiti. Tulipunguza sukari kijiko kwa kijiko kila wiki, tukaibadilisha chai ya majani kwa maji ya mchaichai, na watoto hawakugundua, au waligundua wakanyamaza.

Binti aliyeanzisha kisa hiki alizibwa meno yake. Mama yake aliniambia kwamba jioni anakula, si kila siku, lakini anakula, na kwamba hupewa pakiti yake getini, wakati wa kuondoka, ambapo huishika mkononi njia nzima ndani ya daladala na mara nyingi hufika nayo nyumbani ikiwa haijafunguliwa.